Sikio Lisilojua Utani

Senkondo wa Mgongoni alikuwa akijisifu mbele za watu, tena mdomo umejaa wali, kwamba wivu haujawahi kumpata na hautampata mpaka azikwe.

"Wivu ni ugonjwa wa watu wasiojua kuchekesha," alisema, amesimama juu ya benchi la bwalo kama mgombea asiye na mpinzani. "Mimi nimwonee nani? Mwenye cha kunizidi ajitokeze, nimpe pole."

Wanafunzi wa Shule ya Korongoni wakacheka, wa upande huu na wa upande ule, maana Senkondo hata akiomba chumvi watu walicheka. Majigambo hayo aliyatoa saa ya chakula cha mchana. Kabla sahani hazijaoshwa yalikuwa yameshachacha.

Kwanza jiko lilizima. Mama Kidawa, mpishi, akatoa kichwa dirishani.

"Nyie! Wali wa zamu ya pili una kiini! Semeni maneno mazuri huko, watoto wa watu watakula mchele!"

Basi wanafunzi wakageukiana kwa utiifu, kama watu wanaosali sala waliyoichoka.

"Ewe ndugu yangu wa Mbugani, pua yako inapendeza."

"Ahsante, ndugu wa Mgongoni. Nami nayapenda magoti yako."

Juu ya mlango kulikuwa na bakuli la shaba lenye taa pembeni. Hilo ndilo Sikio. Likawaka kijani, na jiko likanguruma tena. Mama Kidawa akarudisha kichwa chake ndani.

Ndivyo shule ile ilivyolipia umeme wake. Watu wa Mgongoni wana maji: wanautega ukungu kwa nyavu huko milimani, unadondoka mpaka unajaza matangi. Watu wa Mbugani wana umeme: sahani zao za jua zimetandazwa mpaka macho yanachoka kuzitazama. Ungedhani watu wa namna hiyo wangeoana. Wao walipigana. Waligombea Bomba linalopita korongoni, wakauana kwa ajili yake, na vita ilipochoka yenyewe ukaja Mfuko wa Pamoja kutoka miji ya mbali isiyojua vumbi, ukajenga shule katikati ya korongo. Chini ya sakafu wakafukia betri kubwa, na ufunguo wa betri hiyo ukawa maneno. Neno jema likivuka kutoka mtoto wa upande mmoja kwenda kwa wa upande mwingine, Sikio hulisikia popote pale shuleni, na betri huachia umeme: wa jiko, wa taa, na wa kitoroli cha waya kinachoshusha watoto asubuhi na kuwapandisha makwao jioni. Likivuka neno baya, betri hufunga mdomo. Wahandisi wa Mfuko walidhani wameunda urafiki. Walikuwa wameunda kundi la wanafiki wenye adabu nzuri sana.

Mchana ule kitoroli kilileta mwanafunzi mpya wa Mbugani, msichana mrefu aitwaye Sikudhani. Aliingia bwaloni, akachukua sahani, akaenda kuketi moja kwa moja mbele ya Mrutu.

Sasa, Mrutu ni rafiki wa Senkondo. Walikaa dawati moja tangu chekechea, wakaugua surua pamoja, wakachapwa fimbo moja kwa kosa moja. Na Mrutu alikuwa hajacheka mwaka mzima, tangu kaka yake Kiangi alipouawa kwenye zamu ya kulinda Bomba, siku za mwisho kabisa za vita. Mwaka mzima Senkondo alikuwa amemchekesha kila mtu ili amchekeshe yeye. Alitembea kama bata. Aliiga sauti ya Mwalimu Mkuu mbele ya Mwalimu Mkuu. Mrutu alikuwa akitabasamu kidogo tu, kama mtu anayelipa nauli.

"Karibu, ndugu yangu mpendwa," Mrutu akamwambia msichana, kama walivyofundishwa.

"Mpendwa wa nani? Tumeonana leo." Sikudhani akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Bibi yangu aliniambia watu wa Mgongoni mnaishi kwenye ukungu hata wachumba mnachagua kwa kupapasa. Nikasema bibi anazeeka. Lakini kwa shati hilo, mwanangu, naona hata nguo mnanunua kwa kupapasa."

 Sikio likawaka jekundu. Jiko likafa, na jikoni Mama Kidawa akataja jina la Mungu.

Mrutu akacheka.

Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamwaga maji yaliyokuwa mdomoni, kikamwangusha kifua juu ya meza. Senkondo alikuwa amekisahau kicheko kile. Alikitambua kama mtu anavyoitambua kanzu yake kwenye mwili wa mwizi.

Naye mwenyewe kicheko kilimpanda, maana mzaha ulikuwa mzuri, na mchekeshaji hamwibii mchekeshaji mwenzake haki yake. Lakini alikizuia. Hapo lazima niseme kasoro yake ya kuzaliwa. Senkondo akizuia kicheko, uso wake hutii, ila masikio hukataa. Hupanda na kushuka kama ya mbuzi aliyetuliwa na nzi. Ndiyo maana huvaa kofia ya sufu, akiisingizia baridi ya kwao. Mtu pekee aliyeijua siri hiyo ni Mrutu, na Mrutu wakati huo alikuwa anacheka, hana habari naye.

Chini ya sufu masikio yakacheza. Na ndani zaidi, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna, kitu kikauma.

*

Kwa sababu ya ule wekundu, Mfuko ulimtuma Mkaguzi Atuganile, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa korongoni. Mwalimu Mkuu Shelukindo alimkalisha ofisini akamweleza, huku Senkondo na wenzake wamejazana dirishani.

"Huo ni utani, Bi Mkaguzi. Kabla ya vita, Mgongoni na Mbugani walikuwa watani. Upande mmoja ulipofiwa, wa upande wa pili ndio waliokuja kumsimanga marehemu. Mtani anakalia kaburi, anasema, 'Huyu hazikwi mpaka nipate kuku wangu.' Anapewa kuku, watu wanacheka na machozi yao, ndipo maziko yanaendelea. Msiba usio na watani tuliuita msiba mkavu. Vita ikakata yote hayo. Sasa watoto wameyarudisha wenyewe, hakuna aliyewafundisha. Tukiwazuia tutakuwa tumejenga shule ya nini?"

Mkaguzi aliandika, akafikiri. "Nakuelewa, Mwalimu. Lakini mashine yangu itajuaje? Tusi na huo utani wenu vinatumia maneno yaleyale."

"Muulize aliyeambiwa."

"Hapana. Tumejifunza kwingine. Mtoto anayetukanwa anaogopa, anasema 'nilicheka tu.' Tulimwamini wa kwanza, tukamwamini wa pili, mwishowe tukamzika mmoja." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nipeni mwenzake wa upande uleule. Awe karibu naye, asikie, aamue."

Ndivyo kila upande ulivyochagua mfafanuzi wake. Mbugani walichagua wa kwao, na Mgongoni hawakuhangaika: nani anajua mzaha kuliko Senkondo? Akapewa kibao chenye vitufe viwili. Kila neno jekundu lililorushwa kwa mtoto wa Mgongoni lingekuja kwake, naye angebonyeza *utani* au *tusi*. Na Mfuko ukaweka kanuni mbili. Neno jekundu likithibitishwa kuwa utani, umeme wake unahesabiwa maradufu, maana limevuka mahali pagumu. Lakini tusi linalogusa wafu wa vita, likithibitishwa mbele ya mkaguzi, linafunga shule.

Loo, shule ilinawiri! Watoto walisimangana kutoka mstari wa asubuhi mpaka kitoroli cha jioni, Senkondo akabonyeza *utani, utani, utani*, taa zikawaka hata mchana, na Mama Kidawa akaanza kukaanga samaki. Wazazi wa Mgongoni walioapa kutomleta mtoto wakamleta. Wa Mbugani vilevile. Kitoroli kikawa kinakwenda kimejaa vitoto vya darasa la kwanza vinavyotukanana meno yaliyong'oka.

Hapo wote walifurahi isipokuwa mfafanuzi. Kwa maana kila siku kibao chake kilimletea mizaha ya Sikudhani kwa Mrutu, mmoja baada ya mwingine, naye akawa kama mpishi anayelazimishwa kuonja chakula cha harusi ambayo hakualikwa. Na mizaha ilikuwa mizuri! Ingekuwa mibaya angemsamehe.

Halafu ukaja ukoko.

Tangu shule ifunguliwe, Mrutu alikuwa na bahati kwa Mama Kidawa, akipewa ukoko wa chini ya sufuria, ule wa kahawia unaovunjika kama biskuti. Nusu yake ilikuwa ya Senkondo. Haikuwahi kuzungumzwa, ilikuwa hivyo tu, kama jua. Siku moja Senkondo alifika mezani akakuta ukoko umegawanywa, na nusu ya pili inatafunwa na Sikudhani.

"Aa, Senkondo!" Mrutu akasema, mdomo umejaa. "Nilidhani umeshakula, bwana."

"Nimeshakula," Senkondo akajibu. "Mimi nilikuwa napita tu."

Akapita. Alipita mpaka nyuma ya vyoo, akakaa huko mpaka kengele.

*

Neno lenyewe lilisemwa pale Bomba linapotokea ukutani, kando ya uwanja, ambapo mtu akiegemeza mgongo anayasikia maji ya Mgongoni yakishuka. Mrutu na Sikudhani walikuwa wameketi hapo baada ya masomo. Senkondo alikuwa anawafuata na maandazi matatu, kwa nia ya amani kabisa. Mawili yake na moja la kugawana, lakini nia ilikuwa ya amani.

Akasikia Mrutu anamtaja Kiangi. Kwake yeye, Mrutu hakuwahi kumtaja Kiangi, hata mara moja. Akasimama nyuma ya tangi.

Sikudhani akamgeukia. Kisha akasema, "Kiangi ndiye kaka yako? Basi kakako mchoyo, sijaona! Kazikwa kimyakimya, watani hatukuitwa. Nani alimkalia kaburi? Nani alimsimanga? Mmemfukia tu kama kiazi! Halafu kuku wetu mkamla wenyewe. Nipe kuku wangu, Mrutu. Usiponipa, naenda kumgongea hukohuko nimdai mwenyewe."

Mrutu alicheka mpaka akainama. Alicheka, akacheka, na mahali fulani katikati sauti ikageuka, na akawa analia kama mtoto, mabega yanaruka. Sikudhani hakusema neno jingine. Alimshika mgongo, akamwacha alie, na maji ya Bomba yakaendelea kushuka nyuma yao.

Senkondo alisimama na maandazi yake. Mwaka mzima, jamani. Kutembea kama bata mwaka mzima! Na huyu, ambaye watu wa kwao ndio waliomuua Kiangi, kamfungua kwa sentensi chache na kuku mmoja.

Kibao kikatetemeka mfukoni. Maneno yalikuja mekundu kuliko yote aliyowahi kuyaona. *Mchoyo. Kama kiazi. Kumgongea hukohuko.* Ukiyasoma hivyo, bila Bomba, bila mkono mgongoni, yalikuwa maneno ya kutisha. Hata mtu mwema angeshtuka, Senkondo alijiambia. Hata mtu mwema angebonyeza.

Akabonyeza *tusi*.

Taa zote za shule zikapungua kwa pamoja, kama mtu aliyefumba macho nusu.

*

Asubuhi iliyofuata kitoroli kilikuwa na umeme wa safari moja tu. Vitoto vya darasa la kwanza vya Mbugani viliachwa juu ya korongo, vikawa vinapiga kelele za kusimanga kutoka huko, na upepo unazichukua. Samaki hakuonekana. Habari ikaenea kwamba Mkaguzi Atuganile yuko njiani, na kwamba kuna tusi la marehemu.

Mrutu alimvuta Senkondo pembeni.

"Mashine imeharibika," alisema.

"Eh?"

"Wewe ndiye mfafanuzi, na wewe huwezi kubonyeza vile. Kwa hiyo mashine imeharibika. Nimemwambia Mwalimu hivyohivyo." Macho yake yalikuwa mekundu lakini mepesi, macho ya mtu aliyelala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Lazima tuirekebishe, Senkondo. Mjomba ameshasikia. Jana ameitoa bunduki ya Kiangi kabatini, anaipaka mafuta. Anasema shule ikifungwa, zamu ya Bomba ni yangu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno yalikuwa mafupi: *ni mimi, nimekosea.* Na kibao kiliruhusu kurekebisha kabla ya mkaguzi kufika. Lakini Senkondo aliyatazama yale macho mepesi, akaona jinsi yatakavyobadilika. Akisema, Mrutu atajua kwamba aliwaona pale Bombani, na kwamba alipomwona analia, jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma.

Zaidi ya hayo, na hili ni baya zaidi ya yote, alifikiri: shule ikifungwa, Sikudhani atarudi Mbugani, na Mrutu atakuwa hana mwingine wa kukaa naye kwenye zamu. Aliiona zamu yenyewe: wao wawili, blanketi moja, yeye akichekesha. Bunduki aliisukuma pembeni mwa picha.

"Mashine hizi," akasema. "Za kichina hizi, za wapi hizi, nani anajua."

"Utawaeleza, eti?"

"Nitawaeleza."

*

Bwalo lilijaa. Mkaguzi aliketi meza ya mbele, kando yake Mwalimu Shelukindo aliyekuwa ameshika kidevu kana kwamba kingedondoka. Juu ya mlango Sikio lilikuwa na taa moja hafifu. Sikudhani alisimama upande mmoja, mikono nyuma. Mrutu alikaa benchi la mbele.

"Senkondo, njoo mwanangu," Mkaguzi akaita. "Shikamoo yako nimeipokea. Vua kofia, hapa ni mbele ya watu wazima."

Senkondo akaweka mkono juu ya sufu. "Ni baridi, Bi Mkaguzi."

"Vua, mwanangu."

Akavua. Masikio yake yakahisi hewa.

Mkaguzi akasoma yale maneno kwa sauti yake ya upole, na kwa sauti hiyo yalikuwa mabaya zaidi. Mwisho akaweka kibao mezani. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa karibu."

Benchi la mbele likalia kidogo. Mrutu alikuwa ameinua kichwa.

"Ukabonyeza wewe mwenyewe? Mashine haikukosea?"

"Haikukosea," alisema Senkondo, na hakutazama benchi la mbele. "Kule kwetu marehemu wa Bomba hachezewi. Hakuna mtu wa Mgongoni anayeweza kusikia kinywa cha huyu dada kikamchekesha. Ni matusi matupu. Nimevumilia muda mrefu tu."

Mwalimu Shelukindo akafumba macho. Mkaguzi akavuta pumzi, akashika kalamu. "Basi sina ujanja. Sikudhani, una neno la mwisho?"

"Ninalo moja," Sikudhani akasema. "Si kwako, mama. Ni kwake. Naruhusiwa?"

"Sema."

Msichana akamgeukia Senkondo. Uso wake ulikuwa umechoka, na pembeni mwa macho kulikuwa na alama za chumvi, lakini alikunja mikono yake kifuani kama mama anayekataa bei ya sokoni.

"Senkondo. Siku nikifa, nakuomba, usije msibani kwetu. Kwa roho yako hiyo utamwonea wivu hata maiti. Utasimama pale useme, 'Mbona huyu ndiye analiliwa peke yake?' Utaomba jeneza ujaribu."

 Hakuna aliyethubutu kucheka. Senkondo alikaza taya, akakaza tumbo, akakaza hata vidole vya miguu. Lakini alikuwa ameshajiona. Alijiona amelala kwenye jeneza la mtu mwingine, amefumba jicho moja, la pili linahesabu waombolezaji. Ilikuwa kweli! Ilikuwa kweli tupu, na hakuna kinachochekesha kama kweli iliyokuja bila kubisha hodi.

Uso wake haukutikisika. Jiwe.

"Umesikia?" Mkaguzi akauliza. "Hili nalo ni tusi?"

"Tusi," akasema Senkondo. "Wala halichekeshi."

Sikio juu ya mlango likawaka jekundu, likamwamini. Mkaguzi akainamisha kichwa kuandika.

"Bi Mkaguzi."

Alikuwa Mrutu, amesimama. Hakupandisha sauti.

"Najua neno langu kuhusu kaka yangu halipokewi. Nimekubali. Lakini huyu hapa nimekaa naye dawati moja tangu tuko chekechea, na kuhusu yeye naweza kushuhudia." Akamnyooshea Senkondo kidole. "Usimtazame mdomo, mama. Iache na hiyo mashine. Mtazame masikio."

Kalamu ikasimama. Mkaguzi akainua kichwa. Bwalo zima, Mgongoni na Mbugani, likageuza shingo kwa pamoja, hata Mama Kidawa dirishani.

Masikio ya Senkondo yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Akayafunika kwa kofia, kwa viganja, kwa vyote viwili, na bado yalimtekenya mikononi kama vifaranga.

Kicheko kikaanzia mlangoni, kikaja mbele benchi kwa benchi, cha upande huu na cha upande ule, mpaka taa ya Sikio ikayumba isijue iwake rangi gani.

Mrutu peke yake hakucheka.